Siku Numbi Alipokosa Kuchovya Kijiti

Marehemu Numbi alikuwa mwoga. Hilo lisemwe mwanzoni, kwa kuwa siku ya mazishi yake wasemaji walimsifu kwa mengi: ushemasi wake, sauti yake nzito katika kwaya, namna alivyowapatanisha majirani waliogombana kwa ajili ya ukuta. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mtu yule alifanya kazi maisha yake yote akiwa na hofu. Ndege aliyoisimamia mafuta ikiwa bado hewani, hakuweza kumeza kitu. Mkewe, Mama Wivine, alikuwa akimfungia bukari, ugali wa kwao, na samaki wa kukaanga, na mara nyingi chakula kilirudi nyumbani Ruashi kama kilivyotoka.

Alizaliwa Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, ambako baba yake aliuza samaki wakavu kwa wenye malori. Akaja Lubumbashi kumaliza shule, akapata diploma, akatafuta kazi mjini kwa muda mrefu bila kuipata, mwishowe akawa mlinzi wa lango katika nyumba moja kubwa ya mtaa wa Golf. Mwenye nyumba alikuwa na ndege ndogo ya injini moja iliyopeleka watu na mizigo Pweto, Manono na Moba, mahali ambako gari huchukua siku nyingi kufika wakati wa mvua. Siku moja tajiri yule alimwuliza kama anamwogopa Mungu. Numbi akajibu kwamba ndiyo, na kwamba anaogopa vitu vingine vingi pia. Tajiri akacheka sana. Wiki iliyofuata akampeleka uwanja wa ndege wa Luano na kumpa kazi ya kusimamia mafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mafuta ya ndege ndogo si yale ya ndege kubwa. Ni petroli yenye rangi ya buluu, na ilikuja katika mapipa. Aliyeileta na kuijaza aliitwa Amisi, mtu wa asili ya Maniema, ambaye babu yake alitoka Kasongo na cherehani moja. Amisi aliingiza mrija mrefu wa chuma ndani ya pipa, akazungusha mkono wa pampu, na mafuta yakapita kwenye mita, yakapanda kwa mpira hadi kwenye tangi lililo ndani ya bawa. Mteja alilipa kadiri mita ilivyosema. Lakini mita ya namna ile haijui tofauti kati ya mafuta na hewa. Kinachopita, inakihesabu. Na mishale ya geji ndani ya ndege ile kuukuu ilikuwa ikicheza tu. Rubani, Kapteni Chisanga, aliiita mapambo.

Kwa hiyo kulikuwa na kijiti. Numbi alikichonga mwenyewe, akakitia alama kwa kisu. Alikichovya katika kila bawa kabla ya kujaza, akakichovya tena baada ya kujaza, na watu watatu, yeye, Amisi na Kapteni, waliinamisha vichwa pamoja na kila mmoja akataja kwa sauti alama aliyoiona. Wakikubaliana, Amisi alilisukuma pipa tupu kwa mguu, likaenda likivingirika hadi kwenye ukuta. Hapo tu ndipo ndege iliruhusiwa kuondoka.

"Shemasi," Amisi alizoea kumtania, "unapima mafuta ao unabatiza ndeke?"

"Nikibatiza, wewe njo utakuwa wa kwanza."

"Mimi nilishakaoga asubuhi, asante."

Walikuwa marafiki. Watoto wao walicheza pamoja, na wakati wa Idi sahani ya pilau ilivuka barabara kwenda kwa kina Numbi bila mtu kuiomba.

Mwaka mmoja kabla ya siku inayosimuliwa hapa, maji yaliingia katika mafuta. Haikujulikana kama ni mvua au ni pipa. Ndege ilikuwa ikikimbia ardhini, bado haijanyanyuka, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Kapteni aliisimamisha, wasafiri wakashuka wakitetemeka, na yakaishia hapo. Kwa Numbi hayakuisha. Tangu siku ile aliogopa maji kuliko wizi, kuliko moto. Wingu dogo likitokea upande wa Kasumbalesa, alikimbilia vifuniko vya matangi na kuvikaza tena kwa kitambaa.

Mwezi wa Desemba, binti yake mkubwa, Plamedie, alikuwa anarudi Moba kwa mume wake aliyekuwa mwalimu huko. Alikuwa amekuja kujifungulia kwa wazazi wake, na mtoto, Mapalo, alikuwa ameanza kukaza shingo. Numbi ndiye aliyemwombea nafasi katika ndege, kati ya makatoni ya dawa. Aliomba kwa sababu barabara ilimtisha zaidi. Baada ya kuipata nafasi, hakulala.

Asubuhi ile alichovya kijiti wakati ndege ingali chini ya paa. Matangi yalikuwa karibu makavu. Amisi akaleta mapipa mawili, moja kwa kila bawa, na ndege ikasukumwa nje. Mara tu pampu ilipoanza kuzunguka, mvua ikaanguka.

Haikuwa mvua ya kuonya kwanza. Ilishuka yote pamoja, ikipiga bati la mabawa kwa kelele kiasi kwamba mtu hakusikia maneno yake mwenyewe. Numbi alipanda ngazi, akavua koti lake la mpira, akalitandaza juu ya tundu la tangi na juu ya mkono wa msaidizi wa Amisi, kijana mgeni wa kazi, aliyeshika mpira wa mafuta, kama mama anayemfunika mtoto. Uso wake aliugeuzia mawingu. Mtu mwingine angetazama mpira wa mafuta. Angeuona unaruka-ruka na kutema povu. Yeye aliangalia maji tu, matone yaliyotiririka kwenye mikunjo ya koti, yanaelekea wapi.

Mita ilipofika kiasi kilichotakiwa, alikaza kifuniko cha bawa la kwanza kabla hata mpira haujaondolewa vizuri. Wakahamia pipa la pili na bawa la pili, vilevile.

"Shemasi, kijiti?" Amisi aliuliza kwa sauti kubwa kutoka chini, maji yakimtoka kwenye ndevu.

"Acha. Nikifungua tena, mayi itaingia."

"Hatuchovye?"

"Mita njo hii, umeiona na macho yako. Acha tu."

Amisi akainua mabega. Mapipa hakuyasukuma, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama katika mvua ile bila sababu. Numbi akatoa mafuta kidogo kwa bomba la chini ya kila bawa, akayaweka katika chupa, akayaangalia kwenye mwanga. Yalikuwa buluu tupu. Hakuna tone la maji chini. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kapteni Chisanga alikuwa tayari ndani. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamefunguka, naye alitaka kupita kabla hayajafunga. Akatoa kichwa dirishani.

"Papa Numbi, umechovya?"

"Haina mayi hata kidogo," Numbi alijibu.

Swali lilikuwa la kijiti, naye alijibu la maji. Kapteni alisikia sauti ya mtu aliyeridhika, akafunga dirisha. Plamedie, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa anamfunga mtoto kwa kitenge kifuani, akampungia baba yake kwa vidole viwili. Ndege ikaenda, ikanyanyuka, ikaingia katika mwanya wa mawingu.

Mvua ilikoma karibu mara moja. Mama Wivine, aliyekuja kumsindikiza binti yake, alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya paa akikausha viatu. Amisi akaenda kuyaondoa mapipa. Alilipiga la kwanza kwa mguu kama kawaida.

Halikwenda.

Akalipiga tena. Kisha akainama, akalikumbatia kwa mikono miwili, akalitikisa. Ndani, kitu kilichapa huku na huku. Alisimama wima pole pole na kumtazama Numbi, na Numbi alikuwa amekwisha kuelewa kabla hajaambiwa. Akaenda kwenye pipa la pili akishika hewa kama kipofu, akalisukuma, nalo likabaki palepale.

"Iko mafuta ndani," Amisi alisema. "Shemasi, hii pipa iko na mafuta ndani."

Numbi alimshika ukosi wa shati. Hakuwahi kumshika mtu hivyo, wala hakuwa na nguvu za kutosha.

"Mafuta ya mutoto yangu umeweka wapi? Amisi. Umefanya nini na mita?"

"Achilia."

"Mutoto yangu iko mule."

"Najua iko mule. Niliona. Achilia, nionyeshe kitu."

Amisi aliuchomoa mrija wa chuma kutoka katika pipa, akaziba tundu la chini kwa kiganja, akapuliza kwa mdomo kwenye tundu la juu. Hewa ikatoka katikati ya mrija, ikampiga Numbi kwenye kifundo cha mkono, baridi. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, mahali mrija ulipochomelewa. Mafuta yaliposhuka chini ya ufa ule, pampu ilianza kuvuta hewa, na mita ikahesabu hewa hadi mwisho. Katika ukimya wangesikia mpira ukitema. Katika ukimya Amisi angehisi mkono wa pampu umekuwa mwepesi. Na kijiti kingesema yote, hata katika kelele.

Waliacha kila kitu kama kilivyo, wakakimbia kwenye mnara. Numbi alikuwa mtu wa umri, alipanda zile ngazi akishika ukuta, na nyuma yake Amisi alikuwa akimsukuma mgongoni.

Juu, kwenye redio, alikuwa Lydie, mwanamke mpole aliyewajua wote wawili. Hakuwauliza walichofuata. Alisikia maneno "mafuta" na "Moba", akachukua kipaza sauti na kuanza kuiita ndege. Aliita, akasubiri. Aliita, akasubiri. Kilichorudi kilikuwa mkwaruzo tu.

"Bameshapita nyuma ya milima ya Kundelungu," alisema. "Na mvua iko katikati. Sijue kama ananisikia."

"Endelea mama," Amisi alimwambia.

"Naendelea. Papa Numbi, akijibu, nimwambie iko na mafuta ya kufika wapi?"

Numbi alifungua mdomo. Miaka yote ile, hakuna ndege iliyoondoka mbele yake bila yeye kujua alama ya kijiti, na leo, binti yake akiwa ndani, alikuwa hajui kitu. Labda ilikuwa na nusu. Labda ilikuwa na kikombe. Huenda injini ilikuwa imekwisha kunyamaza juu ya msitu, na wao wamesimama hapa wanaongea na upepo. Alimwona Plamedie akimfunga mtoto kwa kitenge. Aliona fundo la kitenge. Alijaribu kusali, yeye aliyewaombea wengine kila Jumapili, na maneno yakakataa kuja. Kilichokuja ni jina la mtoto tu, Mapalo, Mapalo, mara nyingi.

"Sijue," alisema. "Mama, sijue."

Amisi ndiye aliyewaza. "Tupime pipa. Kile kimebakia kitatuambia kile kimeenda." Akashuka ngazi mbio. Kwa dirisha la mnara, Numbi alimwona anafungua mapipa, anaingiza mpini wa ufagio katika moja, kisha katika lingine, anauangalia kwenye jua. Mama Wivine alikuwa amesimama kando yake sasa, amejishika kichwa. Amisi aliinua mkono na kuuweka kiunoni pake, ili waliokuwa juu waone. Nusu. Kila pipa limebaki nusu.

"Basi iko na nusu ya ile anawaza," Lydie alisema. "Moba hafike."

Akaita tena. Wakati huo sauti nyingine iliingia, ya rubani wa ndege ya mizigo iliyokuwa inakuja kutoka Kalemie, juu ya mawingu yote. Alikuwa amewasikia, na alikuwa anamsikia pia Chisanga. Lydie akampa ujumbe, neno kwa neno, na akamwomba aurudie. Kisha wakasubiri. Amisi alikuwa amerudi juu, amekaa sakafuni na mgongo kwenye mlango, midomo yake ikisogea, akisoma dua yake. Numbi alisimama karibu naye. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sauti ya ndege ya mizigo ikarudi. Chisanga amepata ujumbe. Alikuwa ameanza kuzunguka dhoruba kwa upande wa ziwa. Ameshageuza.

"Atafika hapa?" Numbi aliuliza.

Lydie alihesabu kwa kalamu, kisha akaiweka chini. "Kama upepo hautamkataza, atafika."

Kama. Numbi alishuka, akasimama na mke wake kwenye ukingo wa lami. Mama Wivine alimshika mkono. Kila ndege wa angani aliyepita, walidhani ni ndege ya binti yao. Kila pikipiki kwenye barabara ya Ruashi ilikuwa injini, na kila iliponyamaza, Numbi alifumba macho. Hofu yake ya zamani, ile ya kila siku, sasa ilionekana kama mchezo wa watoto.

Mwishowe ilitokea, ndogo, chini, ikija moja kwa moja bila kuzunguka uwanja. Iligusa lami, ikaruka kidogo, ikatulia. Kapteni Chisanga alizima injini palepale ilipoishia mbio, hakuileta hata kwenye paa. Alishuka akiwa amelowa jasho.

Plamedie alishuka baada yake, usingizi ukiwa bado usoni, mtoto ananyonya.

"Papa, Moba njo hii? Tumefika mbio sana." Kisha akaona nyuso zao. "Kuko nini?"

Numbi alipanda ngazi. Alifungua kifuniko cha kushoto, akachovya kijiti. Kilitoka na unyevu kwenye ncha tu. Katika bawa la kulia kilitoka na upana wa kidole. Alikishikilia ili Kapteni na Amisi waone, na hakuna aliyetaja alama. Ndipo akashuka na kumwambia binti yake yote, akiwa amesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu: kwamba aliogopa maji, na kwamba kwa kuogopa maji alisahau mafuta.

"Mimi njo piloti," Kapteni alisema. "Ningeshuka kuangalia. Niliogopa kulowa."

Plamedie alimhamisha mtoto kwenye bega lingine. Machozi yalimtoka bila sauti.

Siku ile hakuna aliyeondoka. Asubuhi yake anga lilikuwa jeupe. Amisi alileta mrija mpya, akaupuliza mbele ya kila mtu, hata mbele ya walinzi wa lango waliokuwa wamesikia habari. Alijaza pole pole. Numbi alichovya, watu watatu wakainamisha vichwa, alama ikatajwa mara tatu. Akachovya tena. Amisi hakumtania.

Mama Wivine alitaka binti yake abaki hadi kiangazi. Alilisema hilo tangu usiku, na aliendelea kulisema pale uwanjani, akishika kitenge cha mtoto kwa pembe. Plamedie alimtazama baba yake.

"Wewe unasema nini, papa? Nipande ao nisipande?"

Kila kiungo cha mwili wake kilisema hapana. Angeweza kulisema, na hakuna ambaye angemlaumu. Wangerudi wote Ruashi, na angemwona mjukuu wake akianza kutambaa. Lakini mume alikuwa akimngoja, ndege ilikuwa na mafuta yaliyolipiwa, na safari hii alikuwa ameyaona kwa macho yake. Alitia kijiti bawani mara ya tatu, akijua kitasema yale yale. Kilisema yale yale.

"Panda," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie.

Aliwawekea mikono kichwani, mama na mtoto, akawaombea kwa maneno machache. Amisi akasema amina pamoja naye. Ndege iliondoka, na Numbi akabaki amesimama mahali alipoachwa, jua likimwunguza kisogo, hadi Lydie alipofungua dirisha la mnara na kuita kwamba wametua Moba. Hapo ndipo alipomgeukia Amisi na kumwomba msamaha kwa ajili ya shati. Amisi alisema shati lilikuwa la zamani.

Alifanya kazi ile miaka mingine kadhaa, mpaka figo zilipomshinda. Plamedie alikuja kutoka Moba kumwuguza. Siku ya mwisho, alipokuwa anashindwa kupumua vizuri, binti yake aliinama akamwuliza kama anaogopa. Numbi alijibu kwamba ndiyo, anaogopa, na kwamba Bwana anajua. Akamwomba asimwachilie mkono. Hakumwachilia.